Sweta la Chumba cha Kusafishia Damu

Nilikuwa natetemeka. Sasa naweza kulisema, ingawa nililikana mbele ya manesi, mbele ya daktari, na mbele ya dada yangu, ambaye kumdanganya ni kazi ngumu kuliko kumdanganya daktari.

Figo zangu zilistaafu kabla yangu. Nasafishwa damu kwa mashine hospitalini, na wakati ule nilikuwa natumia mpira laini uliopitishwa chini ya ngozi ya kifua hadi kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo. Mshipa niliotengenezewa mkononi kwa ajili ya mashine ulikuwa bado haujakomaa. Mpira ule ndio uliokuwa mlango wangu pekee, na niliamini kwamba nikifungua mdomo, watauchomoa na kunirudisha nyumbani Buswelu nikafe taratibu.

Kila nilipounganishwa kwenye mashine, baada ya kitambo baridi ilinipanda kutoka magotini. Nikaanza kwenda na sweta zito, katika Mwanza ambayo mawe yake yanaweza kukaanga yai. Nikifika nyumbani homa imeshashuka, nameza dawa ya malaria. Kipimo kilisema sina malaria. Nikaamua kipimo kimekosea. Shahada zangu mbili zilikubaliana nami.

Dada, anayeuza dagaa soko la Mwaloni, naye aliniunga mkono. “Homa ya huku ina jina moja tu, mdogo wangu. Meza.”

Siku moja nesi alisimama juu yangu, mikono kiunoni.

“Mama, unatetemeka.”

“Ni kiyoyozi tu, sista.”

“Kiyoyozi kimekufa tangu juzi. Sisi wote hapa tunatiririka jasho.”

Nilimwonyesha kifua kwa ushindi: pakavu, hakuna usaha, hakuna wekundu.

“Nje pasafi,” alisema. “Homa inayokuja ukiunganishwa tu, mara nyingi iko ndani ya mpira.” Akachukua damu kwenye mpira, akachukua nyingine mkononi, ndipo wakanianzishia dawa ya kuua bakteria.

Siku chache baadaye daktari alinipigia simu, nikiwa na dada sebuleni kwangu. Niliweka spika, dada naye asikie.

“Vijidudu vya aina moja vimeota kwenye damu zote mbili,” alisema. “Dawa peke yake haitavimaliza, vimejificha kwenye mpira. Tunautoa.”

“Nami nitasafishwa kupitia wapi?”

“Tutakuwekea wa muda shingoni. Damu ikiwa safi, tunaweka mwingine kifuani. Kwani ulidhani tutakuacha hivihivi?”

“Ndiyo, daktari.”

“Njoo leo, mama. Usisubiri siku yako ya mashine.”

Dada alikuwa ameshaufungua mkoba wangu wa hospitali. Alilitoa sweta, akalitupa kwenye kochi.

“Hili linabaki,” alisema. “Ukitetemeka, tetemeka wakuone.”

Upande wa pili wa simu, daktari alicheka.