Kabula alijibu "mhola" mpaka tumbo likawa gumu kama ubao

Wakuu, mwangaluka.

Nasimulia niliyoyaona kwa macho. Sijaongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ile soko la pamba limefunguliwa, wanunuzi binafsi wamejaa kote kunakoitwa Simiyu leo. Mimi shule nilishaikimbia, nikawa utingo kwenye lori la mnunuzi mmoja. Nilipenda tu kuona kila kijiji.

Tulipofika kijiji cha Zagayu lori likaharibika. Tukasubiri spea kwa mzee Masanja, mkulima na mfugaji.

Binti yake Kabula, kama miaka kumi hivi, akarudi kutoka kisimani kajishika tumbo.

"Kabula, vipi?" baba akamuuliza.

"Mhola, baba."

Kwa wasiojua: mhola ni salama, ndilo jibu la salamu. Kwa Wasukuma wa kule, mtoto akiulizwa na mkubwa hujibu hivyo hata kama anaungua. Akijibu vingine anaonekana hana adabu.

Dereva wetu akacheka. "Tumbo la michembe hilo, viazi vikavu! Litajamba, litapoa."

Tukacheka wote. Hata Kabula alitabasamu.

Kesho yake alitapika na kugoma kula. Mama akaanza kuhangaika. Mzee akamwambia, "Mayu," yaani mama, "si amechota maji? Mgonjwa hachoti maji." Kipimo chake kilikuwa hicho: mtoto akifanya kazi, haumwi sana.

Mama akanunua dawa ya minyoo kwenye kiduka. Enzi hizo viduka vya dawa vilikuwa vinaota kama uyoga.

Usiku wote Kabula alilia chinichini, kajikunja. Asubuhi akanyamaza ghafla.

"Umepona?"

"Mhola, mayu."

Nyumba nzima ikashusha pumzi. Mama akampikia uji, hakuugusa.

Jioni tumbo likawa gumu kama ubao, mwili unachemka. Bahati lori lilikuwa limepona, tukamlaza juu ya pamba, mzee Masanja pembeni yake, hadi Bariadi. Kila tukiingia shimo alifumba macho. Sauti haikutoka.

Hospitalini daktari, naye Msukuma, akamuuliza kama tumbo linauma.

"Mhola."

Daktari akachuchumaa, akamuuliza kwa Kisukuma: "Maumivu yako yangekuwa ng'ombe, ni ndama, mtamba au dume?"

Kabula akafikiri. Mtoto wa mfugaji huyo, ng'ombe anawajua.

"Yalianza ndama. Jana usiku dume."

"Na leo?"

"Zizi zima."

Mzee Masanja akatoka nje.

Walimpasua usiku uleule. Kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka, usaha umeenea. Kabula hakuamka.

Nikamfuata daktari, maana mimi kuuliza ndiyo ugonjwa wangu. Mbona asubuhi alinyamaza? Akasema kikipasuka, maumivu huweza kupungua kwa muda, halafu yanarudi tumbo zima. Ule ukimya tulioushangilia ndio ulikuwa hatari yenyewe.

Nimezunguka sana tangu hapo, na bado naona wazazi wanamuuliza mtoto "unaumwa sana?" Mtoto anajuaje sana ni kiasi gani? Mpe cha kulinganisha anachokijua. Na uangalie mwenyewe: anatembea kajikunja? Anatapika? Amegoma chakula? Tumbo limekaza? Usisubiri alie. Akinyamaza ghafla bila kutaka kula, mpeleke hospitali.

Wakuu, makabila yenu mtoto hufundishwa kujibu nini akiumwa? Na nyie mnaujuaje ukweli? Andikeni hapa. Huenda kuna mzazi anasoma sasa hivi, mwanawe kajikunja kwenye mkeka na amesema hajambo.