Mawe ya Kufulia Chini ya Hoteli

Siku yangu ya kwanza ya kazi hotelini, gouvernante, yule mukubwa wetu sisi wa vyumba na nguo, alinusa shuka nililofua, akanirudishia. "Binti, hapa mugeni analala juu ya usafi, halali juu ya sabuni. Suuza tena!" Ilikuwa wakati wa Zaïre, hapa Bukavu, nami nilikuwa musichana wa ndoto nyingi. Niliota siku moja nitalala mu shuka kama lile.

Vijana, kufua ilikuwa ufundi. Tulichemsha shuka, tukasuuza na kusuuza, tukatia bulu kidogo ili nyeupe ing'ae, kisha amido, ule wanga wa nguo, ili kitambaa kisimame. Maji yalipanda toka ziwani kwa pompe.

Chini ya hoteli kulikuwa mawe mapana. Wamama wa kartye, mutaa wetu, mama yangu pia, walifulia pale tangu zamani. Watalii wa kwanza, wamama waliwapokea kwa salamu na kicheko. Lakini kila siku picha, hata mama akiogesha mutoto wake! Wamama wakaanza kuwageuzia mugongo. Watalii wakalalamika, na Directeur wa hoteli akafunga pale kwa uzio wa matete. "Wageni wanakuja kuona ziwa," alisema, "hawakuji kuona nguo chafu."

Mama yangu, na magoti yake yenye kuuma, akawa anaenda kufulia mbali. Jirani yetu Maman Nsimire alinipigia kelele njiani: "Ee, bibi wa hoteli! Ba touristes bako banaona ziwa muzuri?" Nilishusha macho.

Kisha pompe ikakufa, na hoteli imejaa. Directeur akaniambia nipeleke mashuka yote kwenye mawe, niite wamama wanisaidie. Walikuja, wakasimama nje ya uzio, mikono kifuani.

"Siye tuko nguo chafu, citoyen," Maman Nsimire akamwambia Directeur, kama tulivyoitana wakati ule. "Tutaharibia bageni ziwa yabo."

Wakacheka wote. Directeur akanigeukia: "Basi anza wewe!"

Kazi ile ndiyo ililisha nyumba yetu. Hata hivyo nikaweka beseni la mashuka chini.

"Citoyen Directeur, mimi pia niko mutoto wa haya mawe. Matete yatoke kwanza. Na mwenye kutaka picha, aombe."

Akatazama lile lundo la mashuka. Akatazama madirisha ya hoteli. "Ng'oa," akamwambia mulinzi.

Vigelegele! Mama yangu alishuka wa kwanza. Muchana mashuka yalijaa juu ya majani, na Maman Nsimire akajitupa juu ya moja lililokauka: "Na mimi niko touriste! Nani ananipiga picha?" Nikalala pembeni yake, juani, mu shuka la hoteli.

Uzio haukurudi. Leo niko mu pensioni, na bado nafulia pale. Mutalii akija na aparei yake ya picha anasimama, anaomba. Ninamwambia angoje kwanza, nifunge kichwani kitambaa changu kizuri.