Tulivyohamisha Chaneli Dallas na Houston

Siku yangu ya kwanza kazini Texas, mwaka 2017, Mhandisi Mkuu hakunipeleka ofisini. Alinipakia kwenye gari lake la kazi tukaenda kusini mwa Dallas, hadi vilima vya Cedar Hill, ambako minara ya televisheni ya mji mzima imesimama pamoja kama mivinje. Alikuwa Mtexas mrefu wa maneno machache, asiyevua kofia hata ndani ya nyumba. Alifungua chumba cha mitambo, kelele za feni zikatupokea, akaniuliza, "Umewahi kuhamisha kituo?"

"Nilikuwapo Tanzania tulipozima analojia na kuwasha dijitali," nikamjibu.

"Basi hii ni ndogo kuliko ile. Lakini na yenyewe itatuumiza."

Vijana wa fani yangu huniuliza tulihamisha nini hasa. Serikali ya Marekani ilikuwa imefanya mnada wa masafa, yaani zile nafasi za hewani ambazo kila kituo hupewa yake ili matangazo yasiingiliane. Vituo vilivyotaka viliuza nafasi zao, na kampuni za simu zikazinunua ili intaneti ipate pa kupita. Sisi tuliobaki tulisogezwa chini tukabanana. Namba ya chaneli kwenye skrini haikubadilika. Kilichobadilika ni masafa yaliyo nyuma yake. Kwa hiyo kila mwenye antena alipaswa kuiamuru televisheni yake itafute chaneli upya.

Maandalizi yalituchukua miezi mingi. Antena mpya iliwekwa juu ya mnara na mafundi wapandaji, watu ambao hawabishani na upepo. Ukivuma, wanashuka, na hakuna bosi anayewarudisha. Kule chini mimi nilishughulika na vichujio, yale makopo makubwa ya shaba yanayozuia mawimbi yetu yasimwagikie kwa jirani. Siku ya kuhama tulizima mtambo wa zamani asubuhi, tukawasha mpya, na Mhandisi Mkuu akazunguka na gari lake la vipimo. Alirudi ameridhika.

Ndipo simu zilipoanza kulia. Meneja wa Kituo alituweka watu kadhaa mezani kuzipokea, na maelekezo yake yalikuwa mafupi: "Waambieni watafute chaneli upya, watakieni siku njema, pokeeni nyingine." Kwa wengi dawa hiyo ilitosha. Lakini simu za mtaa mmoja wa maghorofa huko Lewisville, kaskazini mwa Dallas, zilijirudia. Watu walikuwa wametafuta, wakatafuta tena, wasipate kitu.

Mmoja wao alikuwa mama aliyehangaika na Kiingereza mpaka nikaitambua lafudhi yake. "Mama, sema Kiswahili tu," nikamwambia.

Kisha akasema, "Mungu ni mwema. Dada, televisheni yetu imekufa. Mzee wangu hajaona misa tangu Jumapili ya juzi."

Aliitwa Mama Consolata, Mrundi aliyejifunzia Kiswahili katika kambi ya wakimbizi Kigoma. Baada ya kazi nilipitia kwake. Mumewe, Mzee Gervais, alikuwa amekaa mbele ya skrini tupu, mkono wake wa kulia umelala mapajani. Kiharusi kilimchukua upande mmoja alipokuwa kazini ghalani Fort Worth, na tangu hapo ngazi za ghorofa zilimfunga ndani. Misa ya kituo chetu ilikuwa ya Kiingereza, naye Kiingereza hakukijua, lakini alijua wakati wa kila sala, akawa anajibu kwa Kirundi.

Alinitazama, akaongea polepole, kila neno akilivuta. "Padri amehama. Hakutuaga."

"Hajahama, mzee. Tumehama sisi."

Nilitoa kipimo changu, nikaelewa. Antena yao ilikuwa ile bapa ya kubandika dirishani, iliyotengenezwa kwa masafa ya juu yenye mawimbi mafupi. Sisi tulikuwa tumeshushwa kwenye mawimbi marefu, ambayo antena fupi kama ile huyashika kwa shida. Kesho yake nikamweleza Mhandisi Mkuu.

"Mtaa ule nimeupima," akasema. "Mawimbi yapo tele."

"Umepimia wapi?"

"Barabarani, juu ya mlingoti wa gari. Kanuni inataka hivyo."

"Wao wanatazamia sebuleni, bosi."

Alinigeuzia mgongo. Nilidhani amekasirika. Kisha akachukua funguo. "Jumamosi tunakwenda wote."

Kanuni ile haikuwa ya kipumbavu. Iliandikwa zamani, kila nyumba ilipokuwa na antena juu ya paa. Jumamosi hiyo Mhandisi Mkuu alivua kofia mlangoni, mara ya kwanza namwona kichwa wazi, akapiga goti kwenye zulia pembeni ya Mzee Gervais. Tulikuwa tumeleta antena yenye fimbo ndefu mbili. Picha ikaja, ikakatika, ikaja. Mama Consolata alipozima taa ya jikoni akitoka na chai, picha ikatulia. Mhandisi Mkuu akamwomba aiwashe tena, ikakatika.

"Taa hizi mpya zinapiga kelele hewani," akaniambia. "Masikioni hatuzisikii, lakini antena inazisikia."

Tukaihamishia antena karibu na mlango wa baraza, mbali na taa. Mzee Gervais akaona tangazo la magari, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Akamuuliza bosi wangu kwa Kiswahili, "Padri alikwenda wapi?" Nikatafsiri. Mhandisi Mkuu akanywa chai yake.

Jumapili Mama Consolata alinipigia kunieleza kuwa misa imefika. Katika mtaa ule tulisaidia tuliowafikia. Wengine walishakata tamaa na kituo chetu, na hao hatukuwapata tena.

Mwaka uliofuata tulipelekwa Houston, ambako kampuni yetu ilikuwa na kituo kingine kilichosubiri zamu yake ya kuhama. Antena ilikuwa haijaagizwa. Ya bei nafuu ingerusha mawimbi yaliyolala tu, yanayotikisika kushoto na kulia. Nyingine ingerusha yaliyolala na yaliyosimama, yanayotikisika juu na chini, kwa pamoja, na hayo huingia majumbani vizuri zaidi, ila hula umeme mwingi. Meneja wa Houston, mwanamke makini, aliuliza swali moja. "Kanuni inaidai?"

"Haiidai," akajibu Mhandisi Mkuu.

"Sasa kwa nini niinunue?"

"Kuna mzee Lewisville aliniuliza padri wake alikwenda wapi, nikakosa jibu. Mji huu una watu wengi kama yeye. Agiza ile ya bei nafuu ukitaka, ila simu zao uzipokee mwenyewe."

Meneja alimtazama, akanitazama mimi. Hakusema ndiyo siku ile. Alisema baada ya kupanda gari na sisi na kuingia kwenye maghorofa ya kusini-magharibi mwa mji, akishika kipimo kwa mkono wake.

Kituo cha Houston kilihama mwanzoni mwa 2020, na hiyo ikawa kazi yangu ya mwisho. Nilistaafu nikarudi nyumbani Plano, karibu na Dallas. Muda si mrefu makanisa yakafungwa kwa sababu ya ugonjwa, na mji mzima ukaishi kama Mzee Gervais. Sina kinyongo na mnada ule. Miezi ile wajukuu zangu walisoma kwa simu, na huenda masomo yao yalipita kwenye masafa tuliyoyaacha. Kwa wanaoshika kazi hii baada yangu nina neno moja tu: mkishapima barabarani, bisheni hodi.

Pasaka hiyo nilikuwa mbele ya televisheni yangu simu ilipolia. Alikuwa Mama Consolata.

"Dada, na wewe uko ndani leo?"

"Niko ndani, mama, kama ninyi."

Nilisikia sauti ya mumewe nyuma yake, nzito, ikivuta maneno. "Mzee anauliza," akasema, "kama kwako misa inafika vizuri. Kama haifiki, anasema usogeze antena."