Ukoo wa Jina Moja

Mwaka 2017 nilikuwa nasuka nywele saluni mtaa wa Yeoville siku za kazi, na Jumapili napiga kinanda kanisani kwetu mjini, ghorofa ya pili ya jengo lililokuwa duka la fanicha. Mlinzi mmoja wa mtaa jirani wa Observatory, mtu wa Bukavu kama mimi, alifiwa na mkewe. Akaja saluni.

"Dada, nataka ule muziki padri aliotupigia tulipofunga ndoa. Mama watoto ausikie tena kabla hatujamzika."

"Muziki gani, Papa?" nikamuuliza, kama tunavyowaita wanaume wazima kwetu.

Alichojua ni ukoo wa mtunzi tu: Wajerumani wa karne ya kumi na nane, wanamuziki baba kwa mwana. Tena padri alimwambia mtunzi alipewa jina la babu yake. Kuuimba hakuweza. Akiusikia, alisema, ataujua.

Nikafungua simu. Eish! Babu, baba, baba wadogo, watoto, wote jina moja la kwanza na moja la ukoo. Hawa watu walikosa majina? Nilikasirika kweli, na mteja kichwa nusu hakijasukwa. Basi nikapiga hesabu za kwetu: jina la babu ni la mjukuu wa kwanza wa kiume. Nikamchagua kifungua mimba wa nyumba ile, nikafanya mazoezi ya muziki wake unaojulikana zaidi hadi vidole vikauma. Kumsikilizisha Papa mapema sikuona haja. Mimi si najua!

Siku ya mazishi jeneza likaingia, nikapiga. Papa akanisogelea, akatikisa kichwa.

"Mzuri. Lakini siyo huu."

Ujuaji wangu ukaniponza. Nikasoma tena pale pale kwenye simu, safari hii vizuri: kwao jina lile la kwanza walibatizwa karibu wavulana wote, na kila mmoja aliitwa kwa jina la pili. Jina la babu halikumtofautisha yeyote. Nikapiga muziki wa mdogo wa yule kifungua mimba, noti nikizisoma kwenye simu. Siyo. Wa binamu. Siyo. Watu wakaanza kukohoa, na chini dereva wa gari la maiti akapiga honi. Nikapiga wa kitinda mimba, jasho linanitoka, aibu imenijaa.

"Ndiyo huu," akasema, akaweka mkono juu ya jeneza.

Nilishusha pumzi. Tukazika.

Tukitoka makaburini nikamuuliza kama kweli ulikuwa ule.

"Siyo, dada," akasema. "Ila mama watoto alikuwa amengoja vya kutosha."