Koor ya Mzee Rage

Mzee Rage ni jirani yangu hapa Garissa, ploti moja, mlango wake unatazamana na wangu. Mimi nauza mboga, kwetu ni Kutus, na mdomo wangu hauna breki, kila mtu anajua. Yeye ni mtu wa Buna. Ukame ulimmalizia ngamia, ukamchukulia na kijana wake Dagane, aliyefia porini upande wa Lafey akitafuta malisho. Tangu ahamie kwa binti yake Idman, mzee anakaa mlangoni na tasbihi, anaitikia salamu, basi. Nimemchokoza mpaka nikachoka.

Ndani kwake kuna koor, ile kengele ya mti anayovishwa ngamia wa mbele. Imeshindiliwa nyasi mpaka mdomoni, na nyasi hizo alizitia Dagane mwenyewe. Hakuna anayeruhusiwa kuigusa.

Sasa huyu Idman anatengeneza gemu za kompyuta. Nilimcheka: msichana mzima na digrii yake, anashinda akipigana na mazimwi! Lakini alinieleza nikaelewa. Mchezaji anashuka mapangoni, chumba baada ya chumba, giza tupu, na silaha kubwa kuliko zote si upanga, ni koor ya uchawi. Ukiipiga, zimwi linarushwa ukutani. Ukiipiga kwa mdundo wa wachungaji wakinywesha ngamia kisimani, majeraha ya wenzako yanafunga. Kilichobaki kilikuwa sauti. Alinunua koor sokoni, akairekodi, haikumridhisha. Alitaka ya baba yake, na kumwomba aliogopa.

Jumapili iliyopita, baada ya alasiri, alijipa moyo. Akaweka laptop kwenye kigoda changu, akamwita baba yake.

"Aabo, njoo uone."

Mzee akaja, akainama kutazama. Idman akawa anamwonyesha, uso umemng'aa. "Na hapa, Aabo, mazimwi yakiwa mengi, unabonyeza hii. Koor inajazwa nyasi, unapita kimya, hayakusikii. Si ndivyo mlivyofanya mkipita penye wezi wa mifugo?"

Mzee Rage alitia tasbihi mfukoni. Nikajua kuna neno.

"Wewe unafikiri Dagane alijaza nyasi kwa akili yake?" akauliza. Alisema kwa Kiswahili chake, kile ambacho p ni b na v ni f siku zote. Labda kwa Kisomali lingemshinda. "Ni mimi. Nilimbigia simu, nikasema huko kuna wezi, ziba koor. Akanitii. Halafu akabotea, mimi nikaenda kutafuta. Fumbi ilikuwa mingi, huoni mkono yako. Nilibita karibu naye, Idman. Asubuhi tulimkuta, na nyayo yangu iko habo, kando ya kichwa yake. Koor ilikuwa na yeye, imejaa nyasi, sikusikia kitu."

Jamani! Idman alijifunika uso kwa mtandio akalia. Nilimwonea mzee huruma. Mtu anakaa na jambo kama hilo peke yake, kila siku, hatua chache kutoka mlangoni kwangu!

"Hiyo toa," mzee akasema, akigusa kioo. "Mtu yako abigwe, aumizwe na hao mashetani yote. Lakini asikike. Wenzake wajue iko wabi."

Idman akaifuta batani ile palepale, machozi yakimtoka. Mzee aliingia ndani, akarudi na koor. Alivuta nyasi kidogo kidogo, zilikuwa zimekauka na kuwa unga, akazikusanya zote ndani ya kofia yake. Kisha akasimama katikati ya ua, akaanza kuitikisa.

Sauti yake si tamu, niseme ukweli. Ni nzito, mti kwa mti. Idman alirekodi, na alipopata alichotaka akazima simu, lakini hakumwambia baba yake aache. Mzee akaendelea, akizunguka ua, na sasa akawa anaita, kwa sauti ya mtu aliye porini.

"Dagane! Kaalay! Njoo huku, Dagane!"

Watoto wa ploti waliacha kucheza. Aliita, akasimama kusikiliza, akaita tena. Mwishowe Idman, palepale alipokaa, akaitika.

"Nimesikia, Aabo. Nakuja."