Tundu la Bolti

Wenzake walimwita Mama Vyuma, kwa sababu vyuma vilivyowashinda wengine yeye alivihoji mpaka vikatoa siri. Miaka kumi na tisa alikuwa akipanga mabaki ya ndege kwenye sakafu ya banda, kila kipande mahali pake, hadi ijulikane ndege ilianguka vipi. Woga hakuujua. Lakini asubuhi ile aliujua.

Karatasi za matengenezo zilikuwa zimeletwa. Ndege ilikuwa ndogo: abiria watatu na rubani, wote wamekufa. Siku moja kabla ya ajali, mkia wake ulifunguliwa na kufungwa tena, na fundi aliyetia saini alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Saini ile aliijua tangu ilipokuwa ikichorwa kwa mkaa ukutani kwao, na kichapo kikifuata.

Njia ya kujua ukweli ilikuwa moja. Fimbo inayoongoza mkia hushikwa na bolti, na nati yake huzuiwa kwa pini inayokunjwa ncha ikishatiwa, isijifungue yenyewe. Kama bolti ilikuwapo ndege ilipopiga chini, tundu lake lingechanwa na kishindo. Kama tundu ni zima, basi bolti ilishachomoka angani.

"Chanika basi, jamani," alikinong'oneza kile chuma, utadhani kina masikio. Akawasha tochi. Tundu lilikuwa la duara, safi, halina hata mkwaruzo.

Bandani hakukuwa na mtu. Mkuu wake alikuwa ofisini akinywa chai. Na bisibisi hii hapa. Akwaruze mara moja tu, nani angejua? Anayedhani hakuliwaza hilo hana mdogo. Aliifikisha bisibisi kwenye ukingo wa tundu. Kisha akaitupa na kukimbilia mlangoni kabla hajabadili nia.

"Mkuu, njoo uangalie mwenyewe! Mimi nitoe kwenye kazi hii. Fundi ni mdogo wangu."

Mkuu alikuja, akainama na tochi muda mrefu. Simu ya Mama Vyuma ikalia. Aliogopa kuipokea, akaogopa zaidi kuiacha.

"Dada," mdogo wake alisema, "nilikuwa nataka kufua ovaroli. Mfukoni nimekuta pini. Mpya, haijakunjwa."