Bunduki ya Mwanajeshi Aliyeitwa Alois

Aili Kangas alipofiwa na mumewe, alichukua bunduki ya marehemu ya kuwindia akampa mkwewe, mume wa binti yake. Watu walishangaa, maana Aili alikuwa mwindaji hodari kuliko hata huyo marehemu Arvid. Yeye alijibu tu kwamba kila akiishika anahisi bado ina mwenyewe.

Wakati huo alikuwa na miaka sitini na mmoja, dereva wa basi la shule katika mji wetu wa kaskazini mwa Michigan, ambako majina mengi ni ya Kifini na theluji huanza kabla mtu hajamaliza kupasua kuni. Misimu miwili ya kuwinda kulungu ikapita hakuingia msituni. Mwaka wa tatu, mwezi wa tisa, aliegesha basi akaenda dukani kwa Delbert, anayeuza chambo cha samaki, mabuti na bunduki.

Karibu na mlango palikuwa na pipa. Ndani yake zilisimamishwa bunduki kuukuu za majeshi ya ng'ambo, kama mafagio.

"Natafuta isiyokuwa ya mtu," Aili alisema.

"Hizo zote zilikuwa za watu," Delbert akamjibu. "Ila watu wenyewe huwajui."

"Basi hiyo inanitosha."

Akazipima mkononi moja moja. Moja ilimkaa begani bila kumsumbua: bunduki ya jeshi la Uswisi, fupi kidogo kuliko nyingine, nzito upande wa mbele. Alijaza fomu, Delbert akapiga simu inayotakiwa na sheria, kuuliza kama mnunuzi hana kosa la jinai, wakangoja majibu huku wakizungumzia bei ya dizeli. Ruhusa ikaja.

Nyumbani aliilaza kwenye meza ya jikoni juu ya magazeti. Ilikuwa imepakwa grisi ya manjano iliyonuka kama mshumaa wa zamani, naye aliifuta jioni nzima kwa matambara. Bunduki alizozizoea hukokiwa kwa kuinua mkono wa chuma, kuuvuta, kuurudisha na kuulaza. Hii uliuvuta nyuma moja kwa moja, ukausukuma mbele, basi. Ilifanya hivyo kwa wepesi uliomfanya arudie mara kumi, bila risasi, kwa raha tu. Alipochungulia ndani ya mtutu aliona unang'aa kama kikombe kipya. Lakini kitako chake kilikuwa kibaya: mbao zimebanduka, zimekwaruzwa, sehemu ya chini nyeusi.

Shemeji yake Reino, mdogo wa Arvid, alipita asubuhi kunywa kahawa kama kawaida yake. Akaitazama.

"Shemeji, hii umenunua au umeokota?"

"Nimenunua."

"Panya wamekula nusu, wakashiba, ndiyo wakakuachia."

"Kunywa kahawa yako, Reino."

Jumamosi walikwenda kwenye machimbo ya kokoto kuijaribu. Aili alibandika karatasi hatua mia moja mbele yao, akalala kifudifudi juu ya blanketi, akapiga risasi tano. Ilirudi nyuma kwa kishindo lakini haikumuumiza bega. Walipokwenda kuangalia, matundu matano yalikuwa yamekaribiana kiasi cha kufunikwa kwa kiganja. Tatizo ni kwamba yote yalikuwa kulia, shibiri nzima kutoka katikati.

"Bunduki haina kosa," Reino alisema. "Ni macho, shemeji. Na ndiyo hayo hayo yanayopeleka watoto wetu shule."

Neno hilo lilimchoma. Jumatatu alikwenda kwa daktari wa macho. Daktari akamwambia miwani yake bado inamfaa.

Wiki iliyofuata aliamua kukitengeneza kile kitako. Alichukua bisibisi akafungua bati la nyuma ili apake mafuta mpaka ndani. Bati lilipotoka, kikaanguka kikaratasi kilichokunjwa, kimekauka kama jani. Kiliandikwa kwa mashine: Alois Furrer, mwaka wa kuzaliwa 1921, kikosi chake, na jina la kijiji chake cha mlimani.

Aliniambia baadaye kwamba jambo la kwanza alilohisi ni hasira. Alikuwa amekimbia bunduki ya mtu mmoja, sasa amepata ya mwingine. Akakitupa kikaratasi kwenye droo ya vijiko. Kila alipochukua kijiko alikiona. Siku ya nane akaketi akaandika barua fupi kwa ofisi ya kijiji hicho, kwamba bunduki yenye jina hili ninayo mimi, ni dereva wa basi, naitunza vizuri.

Jibu lilifika wiki moja kabla ya msimu, limeandikwa na binti yake Alois, anayeitwa Vreni, kwa Kiingereza alichojifunzia kwenye kazi ya hotelini. Baba yake alikuwa hai, ana miaka themanini na mitatu. Wakati wa vita alilinda lango la handaki la reli, na hakumfyatulia risasi binadamu yeyote. Kitako kiliharibika kwa sababu alikuwa akigongea buti zake kuondoa barafu. Askari wote walifanya hivyo, na wote walikana. Mwishoni Vreni aliandika: "Baba anauliza kama bado inapiga kulia. Aliwaambia mafundi wa jeshi mara nyingi, wakamjibu kwamba ni macho yake."

Aili aliisoma barua ile mara mbili, kisha akampa Reino. Reino alisoma polepole, akakuna kidevu.

"Basi nimekukosea," alisema. "Wewe na huyo mzee."

Delbert aligonga kile kichuma cha kulengea kilicho mbele ya mtutu kwa nyundo ndogo mpaka kikakaa mahali pake, kazi ya dakika kumi. Siku ya kwanza ya msimu Aili aliketi ndani ya kibanda cha kuvizia alichokijenga Arvid, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu afiwe. Alilia kidogo, akapenga kamasi, akanyamaza. Saa tatu asubuhi kulungu dume alitoka kwenye misonobari. Risasi ilikuwa moja tu. Reino alikuja kumsaidia kumkokota, na njia nzima hakutania.

Mzee Alois aliishi miaka mingine mitatu. Kadi ya msiba ilipofika, Aili aliomba ruhusa ya siku moja kazini akaandika rambirambi kwa mkono wake. Yeye na Vreni bado wanaandikiana. Mara nyingi ni habari za magoti, mbuzi wa Vreni, na barabara mbovu ambayo Aili huipita kila siku na watoto arobaini nyuma yake.